Hedseti ya kompyuta kwenye redio: kwa nini inakuwa bubu?

Leo tuzungumzie redio ya ridhaa, yaani ile ya kurusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi tu, bila biashara. Hapa Kenya ina historia: enzi za mkoloni stesheni zake zilijitambulisha kwa VQ4, na baada ya uhuru wa 1963 zikawa 5Z4.

Hapa Eldoret hedseti ya kompyuta ni rahisi kupata kuliko maiki ya redio hizo. Basi kwa nini usichomeke hedseti? (Nasema ile yenye plagi mbili, si ya USB.) Ukiunganisha waya kwa waya, mara nyingi redio inakuwa bubu. Unaongea hadi koo linakauka, na hakuna anayekusikia.

Jibu liko kwenye historia. Maiki za redio za zamani nyingi zilikuwa za sumaku. Sauti hutikisa koili ndogo karibu na sumaku, nayo huzalisha umeme yenyewe. Redio nyingi za mezani za Kenwood na Yaesu zilijengewa maiki hizo.

Mwaka 1962, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Gerhard Sessler na James West walibuni maiki ya elektreti: utando wa plastiki unaotunza chaji ya umeme miaka na miaka. Hataza yao ilitoka 1964. Maiki hiyo ni ndogo na ya bei nafuu, ndiyo maana ikajaa kwenye simu na hedseti. Lakini ndani yake kuna transista inayohitaji umeme. Kadi za sauti kama Sound Blaster ziliutoa kupitia pete ya plagi. Redio iliyojengewa maiki ya sumaku haina habari hiyo.

West ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931. Alipotaka kusoma fizikia, babake alimkutanisha na weusi wenye shahada za uzamivu ambao kazi bora waliyopata ilikuwa posta. Hakukata tamaa. Mimi niliyesomea kompyuta, na ninaowajua wahitimu wengi wasio na kazi, hadithi hiyo inanigusa.

Sasa tiba. Unganisha ncha na pete ya plagi ya maiki pamoja, uzipe volti 5 kutoka soketi ya redio kupitia rezista ya kilo-omu 2.2. Kisha weka kapasita ya mikrofaradi 1 kuelekea waya wa sauti wa redio: sauti itapita, umeme wa maiki utazuiwa. Redio nyingi za Icom tayari huweka umeme kwenye waya wa maiki, kwa hiyo soma kwanza mchoro wa soketi, maana kila kampuni ina mpangilio wake. Kitufe cha kurusha kiwe cha pembeni, hata cha mguu. Anza na sauti ya chini.

Na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni lazima kabla ya kurusha.