Pombe katika Maabara: Historia Fupi ya Jeni Zilizonyamazishwa

Maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika msamiati wa sayansi ya dunia si mengi. Mojawapo ni neno "pombe". Mwaka wa 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alieleza chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika ya Mashariki, akaipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina asili ya Kiyunani, nayo hueleza tabia ya chachu hiyo kujigawa kwa kupasuka katikati, tofauti na chachu ya mikate ambayo huzaa kwa kuchipuza. Sehemu ya pili ni Kiswahili kitupu.

Hata hivyo, asili ya jina isichanganywe na asili ya chachu itumiwayo maabarani. Mswisi Urs Leupold, aliyeanzisha utafiti wa urithi katika chachu hii na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1950, alitumia aina iliyopatikana miaka ya 1920 katika maji ya zabibu za Ufaransa. Aina nyingi zitumiwazo na watafiti zimetokana na hiyo. Hivyo mtungi wa Afrika ulitoa jina, na zabibu za Ulaya zikatoa mbegu.

Leupold alitaka kujua namna chachu hii inavyooana. Ina jinsi mbili, ziitwazo P na M, na seli ya P huungana na seli ya M. Lakini ziko koo ambazo ndani yake seli hubadili jinsi: mzazi ni P, mmoja wa wazao akawa M. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kila seli ya koo hizo ina habari za jinsi zote mbili katika kromosomu yake ya pili. Mahali paitwapo mat1 ndipo jeni husema. Nakala mbili za akiba, mat2 na mat3, hukaa kimya. Seli ibadilipo jinsi, habari za nakala mojawapo hunakiliwa na kuwekwa katika mat1.

Kimya hicho si jambo dogo. Nakala za akiba zikisema pamoja na mat1, seli yenye seti moja tu ya kromosomu hujiona kama imekwisha kuoana. Huanza mgawanyiko wa kutengeneza mbegu za uzazi ilhali haina kromosomu za kutosha, na kwa kawaida hufa. Uhai wake wategemea jeni ambazo inazo lakini haizitumii.

Swali likawa: ni nini kinachozinyamazisha? Mwaka wa 1994 Robin Allshire na wenzake, huko Edinburgh, walieleza jinsi walivyochukua jeni ya kawaida na kuipandikiza katika sentromeri, yaani kiuno cha kromosomu. Jeni haikuharibika, lakini ilinyamaza. Ilipokuwa jeni ya kutengeneza adenini, makundi ya seli yalionyesha jambo hilo kwa rangi: meupe iliposema, mekundu iliponyamaza. Miaka miwili baadaye Shiv Grewal na Amar Klar walionyesha kuwa hali ya kunyamaza au ya kusema katika eneo la jinsi yaweza kurithiwa kizazi hadi kizazi, ingawa herufi za DNA ni zile zile. Urithi, basi, haukuwa wa maandishi peke yake. Hata kufungwa kwa ukurasa kulirithiwa.

Mwaka wa 2001 namna ya kufunga ukurasa huo ilidhihirika. DNA imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni. Protini iitwayo Clr4 hutia alama ya kemikali juu ya histoni, na protini nyingine, Swi6, huitambua alama hiyo na kuishika, nalo eneo hilo hukazwa. Binadamu pia ana protini za jamaa hiyo.

Ugunduzi wa mwaka wa 2002 ulishangaza zaidi. Watafiti wa Cold Spring Harbor, Marekani, walionyesha kwamba katika sentromeri kunyamaza hutegemea vipande vidogo vya RNA, navyo hutokana na eneo lile lile linalonyamazishwa. Ili sehemu hiyo inyamazishwe, sharti kwanza iseme kidogo. Chachu ya mikate isingaliweza kufundisha somo hili, kwa kuwa imepoteza mitambo hiyo ya RNA. Mwaka huo huo maandishi yote ya urithi wa pombe, yenye kromosomu tatu na jeni zipatazo 4,900, yalichapishwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, historia hii ina funzo la pekee. Jeni iliyonyamazishwa haikufutwa, wala haikufa, na Kiswahili hutofautisha mambo hayo bila kuazima neno. Wahenga walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wale waliopika pombe iliyochunguzwa na Lindner hawatajwi katika jina alilolitoa. Lakini neno lao limebaki, na kila achapishaye utafiti juu ya chachu hii, awe Kyoto au Edinburgh, hana budi kuliandika.