Safu ya Lugha: Imeganda au imepwelewa?
Mafundi wetu wa kompyuta hapa Lamu husema "imehangi" kwa kila hitilafu. Kwa nini, na maneno tunayo? Kupwelewa kumetokana na kupwa kwa maji: jahazi likichelewa mkondo wa Mkanda hukalia mchanga, maji yakijaa likaelea tena. Kuganda ni kwa samli na damu, hakuna kinachosogea.

Kwenye kompyuta nako hali hizi ni mbili. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwa kawaida, hutoa onyo kazi moja ikihodhi kichakataji zaidi ya sekunde 20. Kazi hiyo ikiachia, mashine huendelea: ilipwelewa tu. Kichakataji kisipoitikia hata miito ya kukatiza kazi (interrupts) kwa zaidi ya sekunde 10, hiyo imeganda, na aghalabu dawa ni kuiwasha upya. Waandishi wa miongozo, tafadhali msiyachanganye: anayeambiwa "imeganda" huzima mashine, akapoteza kazi ambayo hajaihifadhi.