Kichwa na mikono: historia fupi ya ruta, na sisi wa Bujumbura ndani yake

"Rezo hakuna." Kutoka Buyenzi mpaka Kanyosha, maneno hayo kila mtu anayajua. Tunalaumu simu, tunalaumu initi, tunalaumu hata mvua. Mashine yenyewe inayobeba ujumbe wetu hatuitaji, maana hatuioni. Inaitwa ruta. Siyo kile kisanduku cha waifai cha ofisini, hapana: tunasema zile kubwa kama kabati la chuma, zenye kadi zinazochomekwa na kuchomolewa.

Zamani ndani ya ruta kulikuwa na ubongo mmoja wa kufanya yote. Ubongo huohuo ulipanga njia, na huohuo ulipitisha kila pakiti ya data. Intaneti ilipokua katika miaka ya 1990, shida ikaonekana. Njia zikibadilika mara nyingi, mashine ilizama kwenye hesabu zake, na pakiti za watu zikabaki mlangoni zikingoja.

Dawa ilikuwa kugawa kazi. Cisco, kampuni ya California iliyoanza 1984, ilisogeza sehemu ya kazi kwenye kadi. Lakini mfano ulio wazi zaidi ni wa Juniper, iliyoanzishwa 1996. Mwaka 1998 walitoa ruta ya M40. Moduli ya uongozi ilikuwa kama kompyuta ndogo ya kawaida tu, inaongea na ruta nyingine na kuchora ramani ya njia. Upande wa kusafirisha ulikuwa na chipu zake wenyewe, zenye uwezo wa kupitisha pakiti milioni 40 kwa sekunde.

Fikiria parkingi ya mabasi mjini. Kuna shefu mwenye daftari: basi hili Gitega, lile Rumonge. Madereva wana kopi ya daftari mfukoni. Shefu akienda kula, mabasi hayasimami. Ruta ni hivyohivyo. Kadi zina kopi ya ramani, kwa hiyo moduli ya uongozi ikizimika, zinaweza kuendelea kusafirisha kwa muda huku moduli ya pili, iliyokaa akiba, ikishika kazi. Ila kopi huzeeka. Barabara ikikatika wakati shefu hayupo, dereva ataenda tu mpaka shimoni.

Na sisi huku? Burundi haina bahari. Kwa miaka mingi data yetu ilipanda setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikashuka bara lingine. Hata jibu la haraka lilichukua zaidi ya nusu sekunde, na bei ilikuwa ya watu wakubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Afrika Mashariki mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010, lakini Dar es Salaam na Mombasa ni mbali. Ikabidi kuchimba. Serikali na kampuni za simu, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakaunda Burundi Backbone System, mkongo wa taifa unaofika mipakani na kuungana na mikongo ya majirani. Watu husifu waya. Sisi tunaona waya bila ruta nzuri ni barabara ya lami isiyo na kibao hata kimoja.

Sasa tufike 2015, maana hapa ndipo jambo hili linaacha kuwa la mafundi. Mwishoni mwa Aprili, maandamano yakiwa barabarani, WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilizimwa kwenye simu. Katika ruta za namna hii, amri ya kuzuia huandikwa upande wa uongozi, kisha inashushwa kwenye kadi. Kadi haiulizi sababu. Haijui kama pakiti ni tusi, ni habari ya harusi, au ni mama anauliza mtoto kama amevuka salama. Inasoma anwani, inalinganisha na kanuni, inapitisha au inatupa.

Lakini hapohapo kuna mlango. Watu wengi wakakimbilia VPN. Pakiti inafungwa ndani ya bahasha nyingine yenye anwani ya nchi ya mbali, na kadi inasoma bahasha ya nje tu. Siyo kinga kamili: anwani ya VPN nayo inaweza kuandikwa kwenye kanuni, na anayeendesha VPN anaweza kuona unakokwenda. Ndugu zetu wa mashirika mnaotuma orodha za majina ya familia kwa simu, hilo mlikumbuke.

Mei 13 na 14, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa, nyingine zikachomwa. Waandishi waliobaki bila studio wakaanzisha SOS Médias Burundi, wakirusha habari kwenye Facebook na Twitter. Waliokuwa wamevuka kwenda Tanzania, Rwanda na Congo wakazisoma huko, na hapa mjini zikapita kwenye kadi zilezile.