Mara yako ya kwanza kuendesha mchezo wa kuigiza mezani? Anza na usiku huu mmoja wa Mji Mkongwe

Mmekaa barazani baada ya Isha. Mko watano, na kila mmoja kainamia simu yake. Ludo mmeichoka. Bao linachezwa na wawili, wengine wanabaki kutazama na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Kuna mchezo mwingine unaowaingiza wote kwa pamoja, na haumalizi bando. Unahitaji dadu mbili za ludo, karatasi, kalamu na mtu mmoja wa kuuendesha. Mtu huyo leo ni wewe.

Ni mchezo gani huu?

Mmoja wenu anakuwa msimulizi. Waliobaki kila mmoja anachukua nafasi ya mhusika ndani ya hadithi. Msimulizi anaeleza kinachotokea, kisha anauliza: "Mnafanya nini?" Wachezaji wanajibu. Jambo likiwa gumu au la hatari, dadu zinaamua.

Mchezo wa aina hii unaojulikana zaidi duniani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Vitabu vyake ni vinene, na wengi wakiviona tu wanakata tamaa. Usiku wa kwanza huvihitaji.

Kama ulikua unasikia "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!", nusu ya kazi unaijua tayari. Tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa. Bibi anayetoa hadithi anajua mwisho wake. Wewe huujui, na hutakiwi kuujua.

Sheria zote ni hizi

Kila mchezaji aandike vitu vitatu: kazi ya mhusika wake, jambo moja analoliweza sana, na mtu mmoja ambaye hataki kumpoteza.

Akijaribu jambo gumu, arushe dadu mbili na kujumlisha. Kama ni lile analoliweza sana, aongeze 1.

- 10 au zaidi: amefanikiwa.
- 7 hadi 9: amefanikiwa, lakini kuna gharama.
- 6 au chini: mambo yameharibika, na hadithi inasonga mbele.

Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Bila nyongeza, njia 6 zinaleta ushindi kamili, 15 ushindi wenye gharama, na 15 balaa. Kwa hiyo mara nyingi mchezaji atapata alichotaka nusunusu, au atakikosa kabisa. Utamu wa mchezo unatoka hapo.

Hadithi ya kuanzia: usiku wa 26 Agosti 1896

Msimulizi mgeni mara nyingi hujitaabisha kubuni dunia nzima. Usijichoshe. Chukua mahali mnapopajua na saa inayokwenda.

Haya ni ya kweli. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Waingereza hawakumkubali. Wakampa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kuondoka, huku manowari zao 5 zikiwa bandarini. Hakuondoka. Mizinga ikaanza muda mfupi baada ya saa 3, na dakika kama 40 baadaye vita vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa.

Na hii ndiyo sehemu ya kubuni. Wahusika wenu ni watu wa kawaida: hamali wa bandarini, baharia wa jahazi, muuza kahawa, mshona nguo. Bibi yao anaishi karibu na majumba ya Sultani, upande wa Mizingani. Ni lazima wamvushe hadi Ng'ambo kabla ya saa 3. Wakati ule mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja lililokuwepo ndilo lililoipa Darajani jina lake.

Leo ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Usiku ule, kwenye mchezo wenu, una vikwazo vitatu: askari mlangoni, vichochoro vilivyojaa watu na mizigo, na bibi mwenyewe, ambaye hataki kuondoka.

Inavyokuwa mkicheza

Msimulizi: "Mnabisha hodi. Bibi anafungua mlango nusu. Mnafanya nini?"

Hamali: "Namwambia, shikamoo bibi, twende, kesho watapiga mizinga."

Msimulizi: "Marahaba mjukuu wangu. Nyumba hii kaijenga babu yako. Mimi siendi popote."

Hamali: "Basi nambeba!"

Msimulizi: "Kubeba mizigo ndiyo kazi yako, ongeza 1. Rusha."

Zinaanguka 3 na 4. Ukiongeza 1, ni 8. Kafanikiwa, kwa gharama. Bibi yuko mgongoni, lakini anapiga kelele, na askari wa kona ya pili kageuka.

Umeona? Msimulizi hakupanga askari ageuke. Dadu zimempa nafasi, naye kaitumia.

Makosa matano ya mara ya kwanza

1. Kusimulia mno. Sentensi tatu zinatosha, kisha uliza swali. Ukiona mtu kashika simu, ujue umezungumza peke yako muda mrefu.
2. Kulazimisha njia yako. Umepanga wapite darajani, wao wanataka kuvuka kwa mtumbwi. Waache. Jiulize tu mtumbwi ni wa nani.
3. Kurusha dadu kwa kila kitu. Kufungua dirisha hakuhitaji dadu. Kulifungua askari akiwa chini yake kunahitaji.
4. Kumsahau mkimya. Mwenye sauti kubwa atateka mchezo. Mgeukie aliyenyamaza, mwite kwa jina la mhusika wake: "Na wewe uko wapi saa hii?"
5. Kuanza bila kukubaliana. Hili ndilo zito kuliko yote.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza

Mwaka 1896 utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Sheria ya kuufuta ilikuja 1897. Barazani penu anaweza kukaa mtu ambaye kwao habari hiyo si ya kuchezea. Hali kadhalika 1964: wapo walioyaona, na wapo waliopoteza watu. Usiichukue kwa usiku wa kwanza.

Waulize wenzako waziwazi: "Kuna jambo hamtaki liingie?" Wakilitaja, liache, na usidai sababu. Kubalianeni pia kwamba yeyote akisema "tuishie hapo", mnasimama na kubadilisha njia.

Muda, na namna ya kumaliza

Panga dakika 90 hadi 120, wachezaji watatu au wanne pamoja na wewe. Andika saa ya hadithi kwenye karatasi ambayo wote wanaiona. Kila kosa kubwa linakula nusu saa. Ikifika saa 3 asubuhi mizinga inalia, popote walipo. Huna haja ya kuamua nani kashinda. Muulize kila mmoja swali moja: "Moshi ulipoondoka, ulikuwa umesimama wapi, na nani alikuwa pembeni yako?"

Kesho yake mkipita Mizingani, mtaitazama ile njia kwa jicho jingine. Na yule aliyekaa kimya usiku mzima huenda ndiye atakayeuliza: lini tena?