Kutoka Shambani hadi Maabara: Mafunzo kwa Vitendo ya Shahada ya Kwanza katika Utafiti wa Magonjwa ya Kuambukiza, Morogoro, 1976–2016

Historia ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza nchini Tanzania mara nyingi huandikwa kwa kufuata hospitali na chanjo. Insha hii inahoji kwamba mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliingia maabara kupitia mlango mwingine: mifugo, mazao na panya. Njia hiyo ndiyo iliyoamua ajifunze nini na aishie wapi.

Chuo cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1965 kilikuja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafunzo ya tiba ya wanyama yalianza hapo mwaka 1976; kabla yake Watanzania waliyafuata nje ya nchi, hasa Kabete, Nairobi. Julai 1984 kitivo hicho kilikuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwa mwanafunzi wa fani hiyo, kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe ni magonjwa ya mifugo na ya binadamu kwa wakati mmoja.

Panya walifika maabara kwa sababu ya njaa, si homa. Mradi wa pamoja wa Tanzania na Ubelgiji (1986–1989) ulichunguza panya shamba kama mharibifu wa mazao. Tangu mwaka 1994, katika eneo la hekta 3 chuoni, mitego 300 imekuwa ikitegwa usiku tatu mfululizo kila mwezi. Panya hutiwa alama na kuachiwa. Uzoefu huo wa kunasa, kupima na kuandika ulikuwa hazina pale swali lilipogeuka kuwa la magonjwa. Katika panya walionaswa Morogoro mwaka 2004 kulipatikana kirusi kilichotangazwa mwaka 2009 kwa jina la mji huo. Ni ndugu wa kirusi cha Lassa cha Afrika Magharibi, ingawa hakijulikani kuwadhuru binadamu.

Hata hivyo, panya walinaswa Morogoro, na jeni za kirusi zikasomwa Hamburg. Mgawanyo huo wa kazi ni suala la elimu pia. Mwanafunzi anayetega, anayetoa damu na kubandika lebo, lakini asishuhudie sampuli ikitoa jibu, amejifunza nusu ya utafiti.

Kituo cha SACIDS, kilichoanzishwa mwaka 2008 na kuwa na makao yake chuoni hapo, kiliunganisha tiba ya binadamu na ya wanyama. Mwaka 2016 kiliingia katika mpango wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri. Mkazo wake, hata hivyo, ulikuwa shahada za uzamili na uzamivu. Uwezo uliingia kwa mlango wa juu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akabaki na majuma machache ya mafunzo kwa vitendo.

Yawezekana kudai kwamba usalama wa maabara unahitaji wanafunzi waliokomaa. Dai hilo lina uzito, lakini linageuza mpangilio: nidhamu ya glavu, lebo na daftari hujengwa mapema, kabla ya hatari kubwa. Kwa hiyo, kipimo cha kujitegemea kwa maabara ya Morogoro si mashine zake pekee, bali pia ni nani anayeruhusiwa kuzigusa, na katika mwaka wa ngapi wa masomo.