Oblivion: Mchezo wa video uliowagawanya mashabiki kuhusu maana ya uhuru

NI nadra mchezo wa video kusifiwa na kulaumiwa kwa sababu ile ile moja. Hilo ndilo lililoupata mchezo wa The Elder Scrolls IV: Oblivion, uliotolewa nchini Marekani mnamo Machi 20, 2006. Wapo wanaouona kuwa mojawapo wa michezo bora zaidi kuwahi kutengenezwa, na wapo wanaoamini kwamba ndio ulioanza kuuharibu mfululizo waliouenzi. Ajabu ni kwamba pande zote mbili, zikiulizwa sababu, hutaja neno moja: uhuru.

Oblivion ulitengenezwa na kampuni ya Bethesda Game Studios, yenye makao yake katika jimbo la Maryland, chini ya uongozi wa Todd Howard. Ulianza kuuzwa kwa watumiaji wa kompyuta na wa mtambo wa Xbox 360, na mwaka wa 2007 ukawafikia wenye PlayStation 3. Mwaka wa 2006 ulitunukiwa taji la mchezo bora wa mwaka katika tuzo za kituo cha televisheni cha Spike nchini Marekani, na wahakiki wengi waliupa alama za juu mno.

Mchezo wenyewe ni wa aina ambayo mchezaji huunda mhusika wake, akamchagulia jinsia, kabila, sura na stadi, kisha akamwingiza katika ulimwengu wa kubuni wenye uchawi, mazimwi na falme. Ulimwengu huo ni jimbo la Cyrodiil, kitovu cha himaya ya Tamriel. Hadithi huanzia gerezani. Mfalme mzee, Uriel Septim, ambaye sauti yake ilitolewa na mwigizaji Patrick Stewart, anapitia katika chumba cha mfungwa akiwakimbia wauaji. Muda mfupi baadaye mfalme huyo anauawa, na mfungwa anatumwa kumtafuta mrithi wa kiti cha enzi kabla ya mashetani kutoka ulimwengu wa Oblivion kuivamia dunia.

Lakini mara tu mfungwa huyo anapotoka katika mahandaki ya chini ya jiji na kuuona mwanga wa jua, hakuna anayemlazimisha kuendelea na kazi hiyo. Mbele yake kuna ziwa, magofu ya kale na vilima vya kijani. Anaweza kwenda kokote. Anaweza kujiunga na chama cha wachawi, cha wezi au cha wauaji, au akapanda milima kutafuta maua ya kutengenezea dawa. Wachezaji wengi husema kwamba hakuna dakika wanayoikumbuka katika mchezo huo kama ile.

Dunia inayomfuata mchezaji

Mgogoro huanza saa chache baadaye. Watengenezaji wa mchezo wa aina hii wana tatizo gumu la kutatua. Iwapo mchezaji ana ruhusa ya kwenda popote wakati wowote, watamwekea wapi maadui wepesi, na watamwekea wapi maadui wakali? Katika mchezo uliotangulia, The Elder Scrolls III: Morrowind wa mwaka wa 2002, jibu lilikuwa kwamba sehemu nyingi zilikuwa na hatari zake, na asiye na nguvu aliyejipeleka huko aliuawa. Kasoro ya mpango huo ilidhihirika baadaye, kwani mhusika aliyekwisha kukomaa aligeuka kuwa jabali lisilotikisika, na hakuna kilichomtisha tena.

Katika Oblivion, watengenezaji walichagua njia nyingine. Sehemu kubwa ya maadui na hazina za ulimwengu huo hupimwa kulingana na ngazi aliyofikia mhusika. Mhusika mchanga akiingia pangoni hukutana na panya na mbwa-mwitu. Akirejea akiwa amepanda ngazi, pango hilo hilo huenda likawa na dubu, na baadaye mazimwi au majitu yenye vichwa vya fahali.

Waliofurahia mpango huu walikuwa na hoja nzito. Mtu aliyenunua mchezo kwa sababu ya kuambiwa kwamba angekuwa huru hakukumbana na lango la kumwambia kwamba hajafikia kimo cha kulipita. Aliyetaka kuanza na chama cha wachawi alianza nacho. Aliyetaka kupigana katika uwanja wa mashujaa wa jiji kuu tangu siku ya kwanza alipigana. Kwa mtu mwenye saa moja tu ya kucheza baada ya kazi, hilo halikuwa jambo dogo.

Waliochukizwa walitoa mfano mmoja ambao umekuwa mashuhuri. Katika barabara za Cyrodiil huwapo wanyang'anyi wanaomsimamisha msafiri na kumdai sarafu 100. Mhusika akiwa amepanda ngazi za juu, mnyang'anyi huyo humtokea akiwa amevaa deraya za thamani kuu, ambazo kipande kimoja tu kingeuzwa kwa maelfu ya sarafu. Mtu mwenye utajiri wa namna hiyo, waliuliza, anahangaikia nini sarafu 100 kando ya barabara?

Nyuma ya kejeli hiyo kulikuwa na malalamiko ya dhati. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wachezaji hawa walitaka kuinama. Walitaka kulishindwa zimwi leo, wajinoe kwa siku kadhaa, kisha warudi kulilipiza kisasi. Ikiwa zimwi nalo linakua kila wanapokua, basi jasho lao halina malipo. Walihisi kwamba dunia inayompisha kila mtu haimtambui mtu yeyote.

Adhabu ya kupanda ngazi

Hesabu za mchezo ziliuzidisha ubishi huo. Mhusika wa Oblivion ana stadi 21, na mchezaji huchagua saba kuwa stadi zake kuu. Stadi kuu zikipanda mara kumi kwa jumla, mhusika hulala na kuamka akiwa katika ngazi mpya. Wakati huo huongezewa sifa tatu kama vile nguvu, ustahimilivu au akili, na kiasi cha nyongeza hutegemea stadi alizozitumia tangu ngazi iliyopita.

Matokeo yake hayakutarajiwa na wengi. Mchezaji aliyechagua stadi alizozipenda na kuzitumia kila siku alipanda ngazi upesi huku akiambulia nyongeza hafifu, ilhali maadui walipanda pamoja naye wakiwa na nguvu kamili. Mchezaji aliyejaza nafasi kuu kwa stadi za mazungumzo na biashara aliweza kupanda ngazi huku mikono yake haijui upanga, na akajikuta amezingirwa. Wajanja walifanya kinyume. Walichagua kuwa stadi kuu zile ambazo hawakukusudia kuzitumia ovyo, wakahesabu kila nyongeza kama karani wa fedha. Wengine walikataa kulala kabisa, wakaumaliza mchezo wakiwa katika ngazi za chini, mahali ambapo maadui walikuwa dhaifu.

Hata zawadi zilifuata mkondo huo. Silaha nyingi zilizotolewa baada ya kazi ngumu zilipimwa kwa ngazi ya mhusika siku alipozipokea, na hazikuongezeka nguvu baadaye. Aliyekimbilia kazi mapema alipata upanga mashuhuri wenye makali ya kisu cha jikoni. Baadhi ya wachezaji wakawa wanaahirisha kuwasaidia watu waliokuwa taabuni ili zawadi ikomae kwanza.

Dira na sauti

Upo pia ubishi kuhusu dira. Katika Morrowind, mchezaji aliambiwa afuate barabara hadi darajani, akunje kushoto, kisha atafute mlango nyuma ya mwamba. Mara nyingine maelekezo hayo yalikuwa na makosa, na mchezaji alipotea. Oblivion uliweka mshale kwenye dira ya kila mtu kumwonyesha hasa anakopaswa kwenda, na ukamruhusu kusafiri papo hapo hadi miji mikubwa tangu mwanzo, isipokuwa mji wa Kvatch ulioteketezwa na mashetani.

Waliozoea Morrowind walisema kwamba mchezaji sasa anautazama mshale badala ya nchi. Wenzao waliwajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa kusafiri kwa njia ya mkato, na kwamba anayetaka kutembea kwa miguu angali na njia zake. Jibu hilo lina ukweli, lakini halikidhi. Kazi nyingi za Oblivion ziliandikwa kwa kuutegemea mshale, hivyo wanaomtuma mhusika mara nyingi hawamwelezi njia.

Aidha, katika Morrowind mchezaji aliweza kumuua karibu mtu yeyote, hata yule ambaye hadithi ilimtegemea, na mchezo ulimwonya tu kwamba ameikata hadithi. Katika Oblivion watu muhimu huzirai kwa muda, kisha wakasimama tena. Kwa wengine huo ulikuwa ulinzi wa busara. Kwa wengine ilikuwa ishara kwamba uhuru waliopewa una mzazi anayeuchungulia dirishani.

Wakazi wa Cyrodiil walipewa ratiba za maisha: hula, hulala, hufungua maduka na kwenda ibadani. Tofauti na Morrowind, ambao mazungumzo yake mengi yalikuwa ya kusomwa, hapa kila mtu alipewa sauti. Lakini waigizaji waliotoa sauti hizo walikuwa wachache mno kwa umati wa watu waliowawakilisha, na mchezaji huweza kuwasikia majirani wawili wakisalimiana kwa sauti ya mtu mmoja. Wanaoukosoa mchezo huona hapo uzembe. Wanaoupenda hucheka, na wengi hukiri kwamba vituko hivyo ni sehemu ya mapenzi yao.

Jambo ambalo hata wakosoaji wengi hulikubali ni ubora wa hadithi ndogo ndogo. Katika mji wa Cheydinhal, mhusika huingia ndani ya picha iliyochorwa ili kumwokoa mchoraji aliyenaswa humo. Katika mji wa Skingrad, chama cha wauaji humfungia ndani ya jumba pamoja na wageni watano, ambao anapaswa kuwaua mmoja baada ya mwingine huku akijifanya rafiki wa waliobaki. Hapo mpangilio wa ngazi hauna nafasi kubwa, na mchezaji hukumbuka alichokitenda badala ya alichokipata.

Mashabiki wageuka mafundi

Maoni ya wachezaji yalitegemea pia chombo walichokitumia. Wenye kompyuta walipewa bila malipo programu ya kuuhariri mchezo, nao hawakusubiri. Mashabiki waliunda marekebisho makubwa kama Oscuro's Oblivion Overhaul, yaliyorudisha maeneo ya hatari kwa wanyonge na kuondoa sehemu kubwa ya ule utaratibu wa dunia kumfuata mchezaji. Wenye Xbox 360 na PlayStation 3 walibaki na mchezo ulivyotoka kiwandani. Kwa hiyo watu wawili waliobishana kuhusu Oblivion mara nyingi walikuwa wakizungumzia michezo miwili tofauti.

Mwezi Aprili 2006 kampuni ilizua hasira za aina nyingine ilipowauzia wachezaji deraya ya farasi kwa dola 2.50 za Marekani, pambo lisilo na faida kubwa katika mchezo. Tukio hilo hutajwa hadi leo kila panapojadiliwa biashara ya kuuza vipande vya michezo. Mwaka uliofuata, nyongeza ya Shivering Isles, inayompeleka mhusika katika nchi ya mungu wa wazimu, iliwapatanisha wengi waliokuwa wamekasirika.

Watengenezaji nao walisikia. Katika mchezo wa Skyrim, uliotolewa Novemba 11, 2011, maeneo mengi yaliwekewa mipaka ya ngazi, na mpango wa stadi kuu saba ukafutwa. Dira na safari za papo hapo zilibaki.

Mnamo Aprili 22, 2025, Oblivion ulitolewa upya kwa sura ya kisasa na Bethesda ikishirikiana na kampuni ya Virtuos. Utaratibu wa kuongeza sifa ulirekebishwa ili mchezaji asiadhibiwe kwa kutumia stadi anazozipenda. Hata hivyo, msingi wa dunia inayokua pamoja na mhusika uliachwa. Bethesda ilitangaza katika siku chache za mwanzo kwamba wachezaji zaidi ya milioni 4 walikuwa wamekwisha kuingia Cyrodiil, na ubishi wa zamani ukafufuka, sasa pia miongoni mwa vijana ambao mwaka wa 2006 walikuwa hawajazaliwa.

Ubishi huo haujaisha kwa sababu kila upande una haki yake. Anayetaka milango yote iwe wazi hataki kuambiwa na mtu mwingine wapi pa kuanzia. Anayetaka baadhi ya milango ifungwe anajua kwamba furaha ya kuufungua mlango hutoka kwa siku zile ulipomkatalia. Mchezo mmoja hauwezi kuwaridhisha wote wawili kikamilifu, na Oblivion ulichagua upande. Waliotoka katika mahandaki yale na kuona vilima mbele yao waliahidiwa kwamba wangeweza kwenda popote, na ahadi hiyo ilitimizwa. Kinachobishaniwa hadi leo ni kama huko walikokwenda palikuwapo na kitu kilichokuwa kikiwangoja.