Rafu ya karakana

Rafu ya karakana (neno "rafu" lina asili ya Kiarabu) ni ubao au bamba la chuma lililolazwa ili kubeba zana, vipuri na vifaa vingine katika karakana au gereji ya nyumbani. Kazi yake si kupanga vitu tu, bali pia kuzuia visianguke, visiharibike wala kudhuru watu.

Aina

Rafu ya ukutani hushikiliwa na vyuma vya pembe vilivyofungwa ukutani. Rafu ya kusimama ina nguzo, na uzito wake hubebwa na sakafu. Zana za mkono, kama vile nyundo na msumeno, hutundikwa pia kwenye kulabu, na misumari huwekwa katika makopo yenye vifuniko.

Uimara

Rafu huchaguliwa kulingana na uzito wa vitu. Ndoo ya rangi ya lita 20 huzidi kilogramu 20. Mzigo uleule ukiwekwa katikati ya ubao, umbali kati ya vishikizo ukiongezwa maradufu, ubao hupinda mara 8 zaidi. Unene ukiongezwa maradufu, ubao hupinda kwa 1/8 tu. Hivyo kuongeza kishikizo katikati kunaweza kutosha bila kununua mbao nene.

Chuma hakiliwi na mchwa, lakini hushika kutu, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi. Kwa hiyo hupakwa rangi au zinki. Mbao hazishiki kutu, ila huhitaji kukingwa dhidi ya mchwa na unyevu.

Usalama

Vitu vizito huwekwa chini. Rafu ndefu ya kusimama hufungwa ukutani, kwa sababu mtoto anaweza kuikwea kama ngazi ikamwangukia.

Mafuta ya taa na dawa za wadudu hufungiwa kabatini, wala hazihamishiwi katika chupa za soda au maji, kwani watoto wanaweza kuzinywa wakidhani ni kinywaji. Petroli huwekwa katika chombo chake maalumu, nje ya nyumba ya kuishi na mbali na moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni na unaweza kuwaka ukifikia jiko au cheche iliyo mbali.